Buibui la Kimo cha Mwingine

Fundi mmoja wa nguo walimwita Bi Pana, na mwenyewe alikuwa mwembamba, ungedhani upepo ungemchukua. Jina lilitokana na mabuibui aliyoshona. Kila akimpima mwanamke aliongeza upana wa kiganja huku na huku, hata mteja anung'unike vipi. "Nguo ikikubana imekuchora, haijakusitiri," alikuwa akisema, pini zikiwa mdomoni, na ubishi ukaishia hapo.

Mtu mmoja tu alishindana naye akamshinda: bintiye wa pekee. Siku moja binti alitaka kutoka kichwa wazi, mama akamzuia mlangoni na kumrushia buibui mbele ya majirani. "Usiniaibishe!" Binti aliliokota, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya cherehani.

"Mama, hili nilivae kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya majirani?"

Bi Pana akapandisha sauti badala ya kujibu. Binti akahamia mji mwingine kufanya kazi ya uuguzi. Tangu hapo salamu zilipitia kwa mama mdogo. Kiburi si maungwana, lakini kwao kilikuwa cha ukoo.

Na jinsi alivyomtamani mwanawe! Alitamani hata kelele zake, hata ile tabia ya kuvua viatu katikati ya njia watu wajikwae. Ila hakumwambia mtu.

Ndipo akaja mwalimu mmoja kijana kushonewa buibui lake la kwanza. Fundi akapima, akakata, akashona. Siku ya kujaribu, mwalimu alizama ndani ya nguo. Pindo lilifagia sakafu, mikono ikameza vidole.

"Mama, hili kweli ni langu?"

Bi Pana alishika utepe, akapima nguo, akajua mara moja. Alikuwa amekata kwa kimo cha mwanawe. Katika maisha yake ya ufundi hakuwahi kuharibu kitambaa cha mtu.

"Nisamehe, mwanangu. Nitakushonea jingine."

Akainama kumpima upya, ili macho yake yasionekane. Kwa kutafuta la kusema, akauliza, "Nani amekulazimisha kuvaa?"

Mwalimu akacheka. "Hakuna. Mungu ameamrisha, nami nilichukua muda wangu kukubali. Nimechoka kutazamwa mwili kabla sijasikilizwa. Nataka nikisimama kwenye swala na nikisimama sokoni niwe mtu yule yule."

"Na mama yako?"

"Mama alivaa lake, akaniacha nimtazame. Basi."

Bi Pana akaandika vipimo. Miaka yote alikuwa amewafunika wanawake wa watu, na swali la mwanawe hakuwahi kulijibu. Yeye hakumpa bintiye nafasi ya kumtazama tu.

Mteja alipoondoka, alipiga simu. Ikapokelewa upesi.

"Mama? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Sasa mbona umepiga?"

"Nimekukumbuka."

Ikasikika pumzi ya mtu anayejikaza asilie.

"Nikija, Mama, nitakuja nilivyo. Bado sijavaa."

Bi Pana alitazama nguo nyeusi zilizotundikwa ukuta mzima.

"Njoo hivyo hivyo. Mabuibui yamenijaa humu ndani, mwanangu. Mtoto ndiye sina."