Yule wa Shimo la Avoka Hakuwa Panya

Kila nikisikia harufu ya mbegu za maharagwe zilizohifadhiwa kwa majivu, harufu kavu ya kuwasha pua, hasira yangu ya utotoni huamka.

Kwetu Nyabiondo, nyuma ya jiko, palikuwa na mti wa avoka wenye shimo. Humo aliishi mnyama mdogo wa kijivu, macho kama yaliyopakwa wanja, mkia umejaa manyoya kama wa kindi. Jioni nilimtazama akifukuza nondo matawini. Baridi ilipokaza alijikunja akalala fofofo, ukimgusa haamki. Jina lake sikulijua. Nilijua tu kwamba panya hawalali hivyo.

Mwaka ule mbegu zetu zikaanza kuliwa darini. Papa Mukubwa, kaka yake baba, aliyetulea baada ya baba kufa, akachukua fimbo na kumtoa mnyama wangu shimoni, bado amelala. Mama alikuwa pale, akichambua maharagwe. Hakusema neno.

"Papa Mukubwa, ule haiko panya," nikamwambia. "Iko anakula vidudu. Angalia mukia."

"Iko na meno ya kutafuna. Basi njo panya."

Akampiga. Alikufa bila kuamka.

Nilikwenda kwa mwalimu nikitaka anitetee. Akasema kwa Kifaransa yule anaitwa loir, na kweli ni rongeur, yaani mnyama mwenye meno ya kutafuna, ukoo mmoja na kindi, nungu na panya.

"Kumbe Papa Mukubwa hakukosea?"

"Alikosea. Wote ni rongeurs, lakini si wote ni panya. Nungu naye utamuita panya?"

Nikarudi nyumbani na hasira maradufu, maana sasa nilikuwa na haki.

Siku chache baadaye mtego wa mama darini ulinasa panya hasa, mkia mtupu, tumbo limejaa maharagwe yetu. Nikampelekea Papa Mukubwa. Akamtazama, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Si nilisema? Panya."

Nilipokua nikamuuliza mama kwa nini siku ile alinyamaza.

"Mbegu ilikuwa inaisha, na mvua iko karibu," akasema. "Papa Mukubwa alishindwa kukaa bure mbele yetu, ilibidi aue kitu. Hata yeye alijua ule haiko panya."

Miaka yote ile nilidhani Papa Mukubwa hakujua tofauti. Aliijua. Hilo ndilo nimeshindwa kumsamehe.