Maiti Aliyefufuka Mowlem Saa Nne Asubuhi

Mimi ni fundi wa redio hapa Mowlem, mtu mzima mwenye mke na heshima zake, lakini wiki jana nilijiaibisha mbele ya mtaa mzima.

Nilikuwa nimemaliza kutengeneza spika za kanisa, nikaziacha zikiwaka nje ya kibanda, maiki yake ikiwa bado imewashwa mezani kwangu. Ndipo rafiki yangu Mutua, dereva wa watalii, akaniletea kimashine cha gemu alichopewa na mgeni. Hakikutoa sauti. Nikalehemu waya mmoja, nikavaa hedifoni, nikakijaribu.

Ndugu zangu, kitu kidogo kama kipande cha sabuni kilikuwa na jumba zima ndani yake! Ngazi, korido, milango inayofunguka polepole mpaka nikasahau kupumua. Miaka yote nimefungua redio, sijawahi kuona ufundi wa namna hiyo. Mara maiti mmoja aliyelala sakafuni mwa jumba hilo akageuza kichwa, akanitazama mimi.

"Yesu wangu, amefufuka!" nikapiga kelele. "Anasimama! Mutua, kimbia!"

Mutua alikuwa akinivuta shati, nikadhani naye ameogopa. Nilipovua hedifoni nikasikia spika zikivuma kwa pumzi zangu mwenyewe. Mlangoni watu walikuwa wamejaa, wengine wakilia, na mchungaji yuko mbele, Biblia mkononi, akihema.

"Fundi," akaniuliza kwa unyenyekevu mkubwa, "yuko wapi huyo aliyefufuka?"

Nikamfungulia kiganja, nikamwonyesha kile kimashine.