Mkojani na Injini ya Kesho

Juzi niliingia duka la spea pale Gombani kununua plagi, nikasahau kilichonipeleka. Madereva wawili wa teksi walikuwa wakibishana, nami nikanogewa kama niko uwanjani.

Mmoja alirusha mikono akisifu injini mpya za petroli. "Silinda tatu tu, ina tabo ya kuisukumia hewa, inavuta kama ya silinda nne, na mafuta inanusa tu!"

Mwenzake akapiga kaunta. "Injini ni silinda nne! Tena petroli yenyewe inaondoka, zinakuja za betri!"

Kando alisimama mvuvi wa Kojani, kisiwa kisichofikiwa na gari, ameshika plagi kuukuu ya injini ya boti yake, akingoja mpya. Akatoa salamu kwanza, kisha akauliza: "Hizo zote nzuri. Ipi haizimi njiani?"

Wa silinda tatu akacheka. "Ami, ikizima si unashuka, unasukuma?"

"Nyinyi mtashuka," akajibu, akiifuta plagi kwa ncha ya shati. "Mie nishukie wapi?"

Duka zima tulipasuka kwa kicheko. Enyi mnaobuni injini ya kesho, hongereni, nina hamu nayo kweli! Ila kabla hamjaitangaza, mkabidhini Mkojani aende nayo baharini, kwenye mkondo mkali. Akirudi, nami nitanunua.