Mama Mkwe Ndani ya Simba

Jiji letu lina mbuga yenye simba wa kweli, na ukipanda ghorofa fulani za katikati ya mji unaiona bila kulipa. Lakini Jumamosi ile mimi na mume wangu tuliipa mgongo, tukaenda upande wa Loresho kupanda simba wa plastiki. Tiketi mbili nilizipata ofisini kwenye bahati nasibu ya kufunga mwaka. Mwenzangu wa meza ya pili alipata jiko la gesi, na mpaka leo sijamsamehe.

Nikisema "mume wangu" najipa heshima tu. Tulikuwa tunaishi pamoja Riruta, mtungi mmoja wa gesi, intaneti moja, lakini mahari ilikuwa haijapelekwa. Yeye ni fundi wa madirisha ya alumini, na familia yake imekaa Dagoretti tangu enzi za mashamba. Sasa mashamba yamekuwa ploti za kupangisha. Kwetu ni magharibi, Vihiga. Kwao mama mkwe ni mtu wa kukumbatiwa. Kwetu ni mtu wa kukimbiwa: mkwe wa kiume hampi mkono, hali mbele yake wala haketi karibu naye, mpaka mahari ifike na apeleke blanketi la kufungua njia.

Mjomba wangu alimweleza haya mara moja tu kwa simu, na mume wangu akayashika kwa bidii ya mtu aliyeokoka juzi. Picha ya Mama ilikuwa ukutani sebuleni. Kila alipoketi kula aliigeuza itazame ukuta, na akishanawa mikono aliirudisha. Wageni waliona jambo hilo, wakala haraka.

Kwa hiyo shida haikuwa yeye. Shida ilikuwa Mama. Wazee wetu hawaketi kupokea mahari kabla mama wa msichana hajataja siku, na Mama alikuwa hataji. Nikimpigia simu, alisema, "Tutaona." Nikimuuliza kama ni kwa sababu kijana si mtu wa kwetu, aliniuliza kama Nairobi imenyesha. Wiki ile alikuwa Woodley kwa kaka yangu, amekuja kliniki ya macho, na nilikuwa nimepanga kumwona Jumapili baada ya ibada nimuulize ana kwa ana. Akikataa, sikujua nitarudi Riruta nikaseme nini. Jumamosi tulikuwa tunajipumzisha kabla ya hukumu.

Mahali penyewe palikuwa na tembo wa buluu, twiga aliyekatwa shingo ili asiguse nyaya za stima, na fisi mwenye spika tumboni aliyecheka kila mtu alipoelekea chooni. Mfanyakazi mmoja alivaa vazi la kiboko na raba nyeupe, akipigwa picha na watu wazima waliosukuma watoto kando. Mume wangu alikagua kila kitu kama fundi.

"Hii twiga wameiunga vibaya," akasema, akimgonga gotini.

"Umekuja kufurahi ama kukagua?"

"Nafurahi nikikagua."

Katikati kulikuwa na gurudumu kubwa la kubembeza watu, refu kuliko paa zote za jirani, na viti vyake vilikuwa wanyama: nyati, kifaru, simba, kila mmoja wa watu wawili. Nilimwacha kwenye foleni, nikaenda kununua chipsi. Nilikuwa nangoja zitoke kwenye mafuta aliponipigia simu. Alikuwa ananong'ona.

"Beibi. Kuna mathe hapa ana leso ya manjano. Si ndio yule wa ukuta?"

Niligeuka. Kundi la akina mama wa kanisa la wifi yangu, mke wa kaka, lilikuwa linaingia, sare za buluu, wifi mbele kama kamanda. Alikuwa ameahidi kumpeleka Mama "mahali pa kupumzisha akili", nami nikadhani ni mkesha. Mama alikuwa katikati yao, amejifunga leso ya manjano, anamtazama tembo wa buluu bila imani.

"Ondoka hapo," nikamwambia.

"Niende wapi? Wamejaa kwa geti. Ngoja, najificha."

Na huyo mtu, mwenye akili timamu, mwenye vipimo vya madirisha ya nusu ya Riruta kichwani, akaruka foleni, akaingia ndani ya simba peke yake, akavuta kofia mpaka puani. Hesabu yake ilikuwa kwamba huko juu Mama hawezi kumfuata.

Hakujua sheria ya gurudumu. Mwanamke aliyeliendesha, aliyevaa sare kama askari wa wanyamapori, hakuruhusu mnyama apande na mtu mmoja, kwa sababu mnyama huinama upande mmoja. Akina mama walipangwa wawili wawili wakabaki na mmoja. Niliona kila kitu nikiwa na chipsi mkononi.

"Mathe, uko pekee yako? Ingia hapa kwa simba na huyu buda."

Mama aliingia. Chuma cha kuzuia watu kikashuka juu ya mapaja yao, kikabana. Ndipo akamtazama jirani yake. Alikuwa ameiona picha yake kwenye simu yangu mara nyingi, na kofia haifichi masikio kama yale. Aliichukua leso, akajifunika kichwa chote, akageukia upande wa Waiyaki Way. Mume wangu akageukia upande wa Ngong. Wakapaa hivyo, kama watu waliogombana kwenye sofa moja.

Wifi alinifikia akihema.

"Huyo ameketi na Mama ni nani?"

"Ni yeye."

"Woi. Mjomba akisikia atasemaje?"

"Atataka mbuzi wa kuwatakasa."

"Kwani wamefanya nini? Si wameketi tu kwa simba?"

Simba alipofika juu kabisa, stima ikapotea. Gurudumu likasimama na fisi akakatika katikati ya kicheko. Askari wa wanyamapori akatangaza kwa sauti ya kawaida kwamba jenereta ipo, inatafutiwa petroli. Akina mama wakaanza wimbo wa tenzi, nyati akiitikia kifaru. Kutoka kwa simba hatukusikia neno.

Yaliyotokea huko juu niliyapata baadaye kwa kuwahoji wote wawili, kila mmoja peke yake, na maelezo yao yanalingana karibu kila mahali.

Mama hangeweza kuzungumza na mkwe. Kwa hiyo alizungumza na Mungu. Alifumba macho chini ya leso, akaomba kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa kawaida haombi nayo.

"Baba wa mbinguni, unaona mahali umeniweka. Kuna kijana anaishi na mtoto wangu. Sijui yuko wapi saa hii, lakini wewe unamwona. Anakunywa?"

Mume wangu alifikiri kidogo, akavua kofia, akafumba macho pia.

"Bwana," akaanza, "huyo kijana unamjua. Alikuwa anakunywa. Aliacha. Hata soda amepunguza."

Hili la soda si kweli, lakini tuendelee.

"Baba," akasema Mama, "anampiga?"

"Bwana, wewe ni shahidi, huyo kijana ndiye anaogopa."

Upepo ukamsukuma simba, simba akalia kwenye bawaba. Kisha Mama akaomba ombi ambalo, nilikuja kuelewa, ndilo lililokuwa limekaa ndani ya kila "tutaona".

"Baba, mtoto wangu siku moja atakufa. Kwetu mwanamke anazikwa kwa boma la bwana yake, tukajua alipo, tukapanda maua. Hawa watu hawana boma. Wana ploti, nyumba mpaka ukutani. Watamzika wapi? Chini ya ngazi?"

Mume wangu anakiri kwamba alifungua jicho moja akaangalia kama anaweza kuruka. Angeweza kusema uongo. Kuna kipande cha babu yao upande wa Limuru, kinagombaniwa na binamu kila Krismasi, na angeweza kukitaja kama shamba. Hakukitaja.

"Bwana, hapo sijui," akasema. "Hata mimi sijui nitazikwa wapi. Tafadhali mwambie huyo mama kwamba huyo kijana hana haraka ya kumzika mtu. Lakini atatafuta. Hata kama ni kununua kidogo huko Vihiga, karibu na huyo mama mwenyewe."

Hapo maelezo yanaachana. Yeye anasema leso ilianza kutikisika na kwamba Mama alicheka. Mama anasema alikuwa anakohoa, vumbi la huko juu. Wote wanakubali kwamba alimalizia kwa kusema amina, na mume wangu akasema amina, na stima ikarudi, jambo ambalo Mama analitaja kanisani hadi leo bila kueleza lilitukia wapi.

Walipofika chini mume wangu alitoka upande wa nyuma, akapotelea miguuni mwa twiga aliyeungwa vibaya. Mama alishuka polepole, akanikuta.

"Umekuja na nani?"

"Na rafiki."

"Msalimie." Akachukua chipsi moja kwangu, akaila. "Nimeomba vizuri sana. Mpigie mjomba wako. Mwambie mahindi yakishaanikwa, hao watu wa ploti waje."

Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa hajamaliza.

"Na huyo kijana wako, popote alipo, alete blanketi zito. Huko juu kuna baridi."

Tulipokuwa tunarudi Riruta mume wangu alinionyesha mkono wa kushoto wa shati lake. Ulikuwa umekunjika kuanzia kiwiko, umelowa jasho lisilokuwa lake. Anasema simba alipoyumba, Mama aliushika na hakuuachia mpaka chini. Jumapili, baada ya ibada, nilimuuliza Mama.

"Mimi nimshike mkwe?" akasema. "Nilishika sikio la simba."

Nikasema sawa. Lakini kabla hatujatoka pale Jumamosi nilikuwa nimepita karibu na yule simba, nikamtazama vizuri, kama ilivyo tabia yangu. Hakuwa na sikio hata moja. Yalikuwa yamevunjika yote mawili, na mahali pake palikuwa pamepakwa rangi.