Mkasi wa Priska

Katika kaya ya Cornel, nje kidogo ya kijiji cha Zuzu, visu vilikuwa na ufunguo. Vilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake, pamoja na panga, wembe na mkasi wa kupogolea mizabibu. Mkewe, Miriam, alipotaka kukata kitunguu, alifungua, akakata, akaosha kisu na kukirudisha. Priska, mdogo wake Cornel, aliletewa kitunguu kikiwa kimekwisha kukatwa, naye alikipokea na kukitia sufuriani. Wageni waliodhani ni adabu ya nyumba hiyo hawakusahihishwa.

Mkasi ule wa kupogolea ulikuwa wa Priska. Mpini wake mmoja ulikuwa umezungushiwa kitambaa cha khanga kwa sababu Priska ana kiganja kidogo, na bila kitambaa hicho chuma humchubua. Kabla ya ugonjwa, ndiye aliyepogoa shamba lote la kaka yake. Alikuwa na mtindo wake: kwanza aliuzunguka mzabibu, akautazama kama mtu anayechagua mahali pa kukaa, ndipo akakata tawi na kuacha macho mawili ya kuchipua yenye afya, la chini likielekea nje. Majirani walikuwa wakimwalika aje awaoneshe vijana wao. Alikwenda, akaonesha, akarudi. Hakuwa mtu wa maneno mengi hata wakati huo.

Ugonjwa ulikuja kwanza kama mazungumzo ya watu walio upande wa pili wa ua. Priska alikuwa akitoka nje kuwatazama na kukuta njia tupu. Baadaye watu wale wakaanza kumtaja kwa jina. Asubuhi moja, kabla wenzake hawajamaliza uji, aliingia shambani na kukata safu nzima ya mizabibu, shina baada ya shina, usawa wa udongo. Alipoulizwa, alieleza kwa utulivu kwamba ameambiwa mizizi ya safu ile inakunywa damu ya watoto wa Cornel. Hakumgusa mtu. Lakini walimfunga kamba, wakampeleka hospitali juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na watu wa kijiji walisimama njiani kutazama. Daktari aliuita ugonjwa wake skizofrenia. Alilazwa, akapewa dawa, akarudi nyumbani akiwa mzito wa mwili na mzito wa macho, na tangu hapo hakushika chuma chenye makali.

Safu ile ilipandwa upya. Kila mwenye kupita shambani aliitambua, kwa maana mizabibu yake ilikuwa mifupi kuliko mingine.

Kila Alhamisi Priska alikwenda mjini kwenye zahanati, ambako Nesi Salha, mwanamke mtulivu wa Kondoa, aliongoza kikundi cha watu wenye maradhi kama yake. Walikaa kwenye mabenchi ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua. Salha alikuwa amewaeleza tangu mwanzo kwamba kikundi hakichukui nafasi ya sindano ya dawa ya kila mwezi, na kwamba mambo wanayofanya pale hakuyabuni yeye. Yamejaribiwa na kupimwa kwa watu wengi kabla hayajawafikia. Walijifunza jina la ugonjwa na kazi ya dawa. Walijifunza kutambua dalili za mwanzo, kila mtu na zake, kwa kuwa ugonjwa haumwingii kila mtu kwa mlango mmoja. Walifanya mazoezi ya kuzungumza na jamaa zao, mmoja akiigiza mgonjwa na mwingine akiigiza mume au mama mkwe, na hapo kicheko kilikuwa hakikosekani.

Aliyewachekesha zaidi ni Halfani, dalali wa mahindi wa Kibaigwa. Yeye alisema sauti zake ni za watu wavivu. "Zinanitukana tangu asubuhi," aliwaambia, "lakini nikiziuliza bei ya gunia Dar es Salaam, zinanyamaza. Zingekuwa na faida ningeziajiri."

Priska alizitaja dalili zake kwa mpangilio. Maji yanakuwa na ladha ya chuma. Watu wa nyuma ya ua wanarudi. Kisha anaacha kuitikia salamu, kwa sababu hajui ni salamu ipi imetoka kwa mtu aliye hai. Salha akamtaka amchague mtu mmoja wa nyumbani wa kumwambia mapema, dalili zikiwa bado changa. Wengi walichagua mama zao. Priska alimchagua Cornel. Hakutoa sababu, lakini kila aliyemfahamu aliijua: Cornel ndiye mwenye ufunguo, na kitu pekee alichokitaka Priska duniani ni kurudishiwa mkasi wake.

Mwezi wa tano, mvua zilipokatika, vibarua wote walikwenda kuvuna uwele kwenye mashamba yao, na mizabibu ya Cornel ikabaki haijapogolewa. Alizunguka vijiji viwili akitafuta mikono, akakosa. Jioni aliporudi alifungua sanduku. Alimpa mdogo wake mkasi mbele ya mkewe, akamtaka asivuke mti wa mwisho pasipo yeye kumwona.

Priska alifanya kazi kwa siku kadhaa. Kiganja chake kilikuwa kimesahau, kikapata malengelenge, lakini jicho lake halikuwa limesahau chochote. Miriam alipomletea maji shambani, alimkuta anauzunguka mzabibu kama zamani, akamtania kwamba sasa wifi yake atataka kulipwa kama mtaalamu. Priska alicheka. Miriam alikwenda kumsimulia mumewe kicheko kile.

Kisha asubuhi moja maji yalikuwa na ladha ya chuma. Priska alikumbuka mafunzo. Hakungoja hadi jioni. Alimfuata Cornel zizini na kumwambia, kwa sentensi zilezile walizozifanyia mazoezi, kwamba leo amezisikia sauti kwa mbali, kwamba hazimwamrishi lolote, na kwamba anamweleza mapema ili wasaidiane.

Cornel alinyoosha mkono. "Lete mkasi."

Akaupokea, akaenda ndani, na Priska akasikia sanduku likifungwa.

Alhamisi ile alieleza yaliyompata. Salha alimsifu kwa kusema mapema, naye Priska akangoja sifa zile ziishe, kisha akauliza swali lake.

"Nikisema, nanyang'anywa. Nisiposema, nabaki na kazi yangu. Sasa Nesi, unanifundisha niseme kwa faida ya nani?"

Halfani alisema kwamba yeye alipomwambia mkewe, mke alihamia kwa mama yake mpaka Idi, akarudi amenenepa. Baadhi walicheka, yeye mwenyewe hakucheka. Salha alisema jambo hilo halitaisha pasipo Cornel kuwapo, akamwandalia mwaliko. Cornel alituma salamu kwamba anashukuru, ila shamba halina mtu.

Na kweli halikuwa na mtu. Macho ya mizabibu yalikuwa yanavimba. Kuchelewa zaidi kungeharibu mavuno. Cornel aliutoa tena mkasi, safari hii bila masharti, na Priska akaupokea.

Sauti ziliporudi, hakusema. Maji yalikuwa machungu, akayanywa. Watu wa nyuma ya ua walizungumza juu ya safu ile fupi, akaendelea kupogoa. Alipogoa vizuri; mtu angeweza kukagua kila tawi na asione kosa. Nyumbani alisema kila kitu ni salama, na Cornel, aliyekuwa akimtazama usoni, aliridhika. Usingizi ukapungua. Chakula akakiacha. Yote haya aliyaficha kwa uangalifu uleule aliokuwa nao katika kupogoa.

Miriam ndiye aliyegundua, na hakuwa amefundishwa dalili yoyote. Alifika shambani na kusalimia kama kawaida yao, "Mbukwa, wifi." Priska hakuitika. Alisalimia tena, akisogea. Priska alikuwa amechutama kwenye mti wa kwanza wa safu fupi, mkasi umefunguliwa, makali yamelikumbatia shina karibu na udongo. Mikono yake ilikuwa inauzuia mkasi usifungike.

Miriam hakupiga kelele. Alichutama upande wa pili wa mti, mahali ambapo angeonekana, na kusema kwa sauti ya kawaida, "Ni mimi, wifi yako. Ni mimi ninayekusalimu."

Priska alimtazama kwa muda, kama anayelinganisha sauti na mdomo. Kisha akautoa mkasi kwenye shina na kuugeuza, mpini mbele.

"Nishikie, wifi," alisema. "Mimi siwezi tena."

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Cornel alimpeleka mwenyewe kwa pikipiki. Daktari alimpima, akaibadilisha dawa, akasema hakuna haja ya kumlaza kwa kuwa ameletwa mapema. Halafu, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kungojea, Cornel akajikuta kwenye benchi la stoo ya vyandarua, kofia mapajani, kati ya Halfani na ukuta.

Salha alimwomba aeleze alivyoona yeye. Cornel aliwaamkia waliomzidi umri, kisha akasema kwa ufupi kwamba mdogo wake amemdanganya. Alikuwa akimuuliza kila siku, naye akajibu ni salama.

Priska alijibu akiwa anatazama mikono yake. "Kaka, nilipokuambia ukweli, uliufungia mkasi. Nilipokaa kimya, uliniachia. Kukaa kimya sikufundishwa hapa."

Cornel aliigeuza kofia, akaigeuza tena.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" alimuuliza Halfani, labda kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

"Mimi ni dalali, bwana," alisema Halfani. "Ninajua tu kwamba mtu akiniletea mzigo akanieleza ubovu wake, nikamfukuza, mara ya pili atauficha ubovu chini ya gunia."

Cornel akasema, kwa sauti ambayo Salha alilazimika kuinama ili aisikie, kwamba haogopi mizabibu. Mizabibu hupandwa tena. Anaiogopa kamba. Yeye ndiye aliyeifunga siku ile, Priska akimwita kwa jina la utotoni, na hataki kuifunga tena maishani. Ndiyo maana anafunga sanduku.

Priska hakuwa amewahi kusikia maneno hayo. Alijibu kwa jambo ambalo Salha baadaye alilirudia kwa vikundi vingine: kwamba siku mbaya atampa mkasi yeye mwenyewe, kwa mkono wake, pasipo kuombwa, ila anataka siku hiyo iwe na mwisho wake. "Nikikupa mwenyewe, unirudishie mwenyewe."

"Nitajaribu," alisema Cornel. Salha alimtaka aahidi. Cornel alirudia kwamba atajaribu.

Walipogoa shamba lililobaki, Cornel na Priska na kijana mmoja aliyepatikana Mbabala. Safu fupi iliachwa ya mwisho, na kila mtu aliona kuwa inaachwa. Siku ilipofika zamu ya safu hiyo, Priska alikuja zizini asubuhi na kusema kwamba sauti zipo, za chini. Akautoa mkasi, mpini mbele. Cornel aliupokea. Mchana kutwa Priska alikusanya matawi yaliyokatwa na kuyafunga mafungu, na wala hakutazama mlango wa chumba cha kaka yake.

Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa maji tu. Alikwenda kusimama uani.

"Mbukwa, kaka."

Cornel aliitika salamu. Akamwuliza habari za kulala, habari za kichwa, habari za mikono, akaishiwa maswali. Ufunguo ulikuwa kidoleni mwake. Miriam aliyekuwa anachochea moto aliacha kuchochea.

Alipotoka chumbani na mkasi hakumpa palepale. Alitangulia mbele hadi safu fupi, akachutama kwenye mti wa kwanza, akalizungushia shina mkono wake wa kushoto, karibu na udongo, palepale mkasi ulipokuwa umelikumbatia, na kuukaza. Ndipo akaunyoosha mkasi.

"Anza," alisema.

Priska aliuzunguka mzabibu na kuutazama. Akakata juu ya mkono wa kaka yake, akaacha macho mawili. Cornel hakuuondoa mkono hadi tawi lilipoanguka. Kisha akasogea kwenye shina linalofuata, akalishika vilevile.