Fundo la Mkono wa Kushoto

Jina la Bi Hakiki hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, naye alilitolea jasho. Akikupima kiuno atakupima mara tatu, na ya tatu atakuamuru utoe pumzi kwanza, maana kuna watu hubana tumbo ili kumdanganya fundi. Akifunga mlango wa karakana, hatua kumi mbele atarudi kulivuta kufuli. Maziwa anayanusa hata yakiwa bado kwenye ng'ombe, ndivyo alivyosema Mzee wa Pasi, na huyo ndiye aliyekuwa akinyoosha nguo uani kwake miaka mingi, kwa hiyo tumwamini.

Hata futi yake ya kupimia hakuiamini. Mwaka ule alikuwa amelifumua na kulipanua gauni lake la kazini mbavuni mara tatu, na kila alipojipima alikuta namba asiyoipenda. Akailaza futi juu ya meza, akailinganisha na rula ya chuma. Futi ilikuwa sawa. Akaihamishia lawama kwenye kitambaa.

"Vitambaa vya siku hizi vinasinyaa," alimwambia wifi yake.

Wifi yake alikuwa anakaza kifungo. "Eeh," alisema, bila kuinua kichwa.

Wifi huyu alikuwa mjane wa kaka yake. Tangu kaka afariki, miaka tisa sasa, wanawake hawa wawili walishinda chumba kimoja cha kazi: Bi Hakiki dirishani kwenye cherehani, wifi kwenye stuli karibu na mlango, akishona kwa mkono matundu ya vifungo na mapindo. Binti pekee wa Bi Hakiki alikuwa ameolewa mbali, na simu zake zilikuwa chache na za haraka haraka. Kusema kweli, ukimwondoa wifi, Bi Hakiki hakuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba leo ameamka na kichwa kinamgonga.

Sasa tuje kwenye karanga.

Miezi saba nyuma, muuguzi wa zahanati alikuwa amemfunga kile kitambaa cha presha mkononi, akakunja uso, akamwambia apunguze mambo mawili: chumvi na kula ovyo. Chumvi aliiacha siku ile ile, na hakumwambia mtu, maana hakutaka karakana nzima ijadili presha yake. Kula ovyo ndiko kulikomshinda. Jioni alisimama jikoni mbele ya sufuria, akachota wali kwa mwiko, akasindikiza na mkate, akarudi kwenye wali. Sahani hakuchukua. Aliyekula bila sahani, kwa hesabu zake, alikuwa bado hajala.

Kwa mchana akajiwekea utaratibu. Alikaanga karanga kavu nyumbani, akazitia kwenye mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, akautundika kwenye mguu wa cherehani upande wa kushoto. Kiganja kimoja saa nne, kiganja kimoja saa kumi, na mfuko udumu wiki. Ukaisha Jumatatu. Akaujaza. Ukaisha Jumanne. Haba na haba hujaza kibaba, hilo linajulikana, lakini Bi Hakiki aliona kibaba chake kinamalizwa haba na haba na mkono wa mtu.

"Kuna mtu," alijiambia.

Akaanza na Mzee wa Pasi. Alimfuata uani akamuuliza uso kwa uso.

"Mimi?" mzee alishangaa. "Nitazitafuna kwa nini, kwa ufizi?" Akapanua kinywa ili fundi ahakiki. Hakukuwa na jino hata moja la kushtakiwa.

Basi akabaki mmoja. Na shaka ikishakaa ndani ya mtu, kila kitu hugeuka shahidi. Wifi akikohoa, ni karanga imempalia. Wifi akinywa maji, si ndiyo, karanga huleta kiu. Wifi akijifuta mikono kwenye kanga, anafuta nini? Wifi akicheka, anajikosha, akinyamaza, anatafuna. Bi Hakiki alikuwa akishona huku jicho moja liko kwenye sindano na jingine kwenye stuli ya karibu na mlango, na alishangaa sana kwamba mwizi mwenyewe hamuoni akisogea.

Ndipo akaweka mtego. Bi Hakiki ni mashoto, na ana fundo lake: anauzungusha uzi mara mbili kwenye kidole gumba cha kushoto, anaupenyeza, anavuta, basi. Mkono mmoja tu. Ndilo analomalizia kila mshono, miaka thelathini sasa, na hulifungua vilevile kwa vidole viwili. Wifi alijaribu kulijifunza mwaka wa kwanza akashindwa, na tangu hapo akikutana nalo hulikata kwa mkasi. Kwa hiyo asubuhi ya Jumatano Bi Hakiki alijaza mfuko mpaka juu, akaukaba shingo kwa uzi mnene, akapiga fundo lake. Atakayeufungua lazima akate, na uzi uliokatwa hausemi uongo.

Siku hiyo kulikuwa na kazi ya sare sitini za wauguzi, za buluu, mishono mirefu iliyonyooka kutoka kwapani hadi pindoni. Bi Hakiki alikanyaga cherehani kutwa. Alasiri msimamizi wa wauguzi akaja kukagua. Bi Hakiki aliinama kuokota chaki, bega lake likagusa mfuko, na mfuko ukayumba. Ulikuwa mwepesi. Akaushika: zimebaki za kuhesabika. Akalitazama fundo. Lilikuwepo, zima, limekaa kama alivyoliacha.

Mtu mwingine hapo angejiuliza swali moja. Yeye alijiuliza jingine.

"Wifi," alisema, "fundo langu umejifunza lini?"

"Fundo gani?"

"Usinizunguke. Miaka yote unajifanya hulijui, kumbe unanisoma tu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako! Kama una njaa si uniambie? Kuiba kwa nini?"

Msimamizi wa wauguzi akaanza kuikagua kola aliyokwisha kuikagua. Wifi aliiweka chini sare aliyokuwa nayo, akachomeka sindano kwenye mto wake, akachukua mkasi wake ukutani.

"Wifi, nina njaa zangu nyingi," alisema. "Ya karanga zako haimo."

Akatoka. Bi Hakiki alihisi moyo umemshuka, lakini akauambia moyo utulie, mwizi akiondoka huwa lazima aache maneno.

Alhamisi alikuja peke yake. Kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kukaa karibu na mlango, aliweka komeo kwa ndani. Akajaza mfuko, akapiga fundo, akasema kwa sauti, "Sasa tuone kama hazitadumu." Alikuwa karibu kufurahi. Akakanyaga. Chumba kilikuwa kimya, stuli tupu. Alifikiria kwamba binti yake hajapiga simu wiki ya pili sasa. Akafikiria angepiga, angemwambia nini kuhusu mke wa mjomba wake? Akafikiria matundu ya vifungo mia tatu na sitini yanayomsubiri mtu wa kuyashona. Mguu ulikanyaga, kitambaa kilikwenda.

Saa saba Mzee wa Pasi aligonga, anataka za kunyoosha. Bi Hakiki aliinuka, na mapajani mwake, katikati ya nyuzi za buluu, yakaanguka maganda mekundu, yale membamba ya karanga. Mengi. Akainama upesi akaushika mfuko. Robo. Fundo, zima.

Akautazama mlango. Komeo lilikuwa mahali pake. Akatazama chini ya meza, ndiyo, alitazama kweli chini ya meza. Kisha ulimi wake ukagusa kipande cha karanga kilichonasa kwenye jino la nyuma.

"Unafungua au nirudi kesho?" Mzee wa Pasi aliuliza nje.

"Rudi baadaye!"

Na bado, huyu ni Bi Hakiki, hata hilo alitaka kulihakiki. Akaketi, akachukua sare nyingine, akaanza mshono mrefu, na safari hii akaweka macho kwenye mkono wake wa kushoto, kama unavyomtazama mtu usiyemjua aliyekaa karibu na pochi yako. Mshono wa kwanza mkono ukatulia. Wa pili ukatulia. Kwenye wa tatu akakumbuka, "Nina njaa zangu nyingi," na alipozinduka, vidole viwili vilikuwa vimeshafika kwenye fundo, vinalifungua taratibu, kwa ustadi, bila hata kuuliza kichwa.

Akaudaka mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Sindano ikatoka nje ya mstari.

"Ni wewe," alisema.

Akalia. Alilia kwa aibu, na kwa sababu alikuwa mpweke, na kwa sababu amemwita mwizi mtu pekee aliyekuwa akimwitikia "eeh" kila siku.

Hakungoja jioni. Alimkuta wifi nyumbani kwake, anaanua nguo kwenye kamba. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi, yakabaki matatu.

"Wifi, ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Ulijua?"

"Miaka tisa nakaa mbele yako. Binti akipiga simu, huli. Asipopiga, mkono haurudi juu ya meza." Wifi alikunja shuka. "Unakula huku unashona, ukimaliza unafunga, na hata hujui. Nilidhani unajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema nakuhesabia tonge. Wewe ungeniamini?"

Bi Hakiki alishika ncha ya pili ya shuka, wakaikunja pamoja.

"Umeniita mwizi mbele ya watu," wifi alisema. "Kanisafishe mbele ya watu."

Ijumaa msimamizi wa wauguzi alipokuja, Bi Hakiki alisimama, akasema, "Juzi nilimsingizia wifi yangu. Mwizi nilikuwa mimi." Mama wa watu akasema hamna neno, akauliza sare zitakuwa tayari lini. Kwake lilikuwa jambo dogo. Bi Hakiki alipoketi, gauni lilikuwa limemlowa mgongoni.

Mfuko aliuhamisha. Akautundika ukuta wa pili, juu ya ile stuli tupu, na sheria ikawa hii: anayetaka karanga asimamishe cherehani, ainuke, achukue kisahani, amimine, akae, ale bila kitambaa mkononi. Siku ya kwanza aliinuka mara kumi na moja, na mara nane kati ya hizo alifika katikati ya chumba akajiuliza amefuata nini. Njaa haikuwemo. Mara nyingine ilikuwa simu isiyolia, mara nyingine uzi uliokatika, mara nyingine ni mshono mrefu tu, umeupa mkono wa kushoto likizo. Akaanza kuupa kazi: ushike pini, ushikilie pindo, ulale pajani mahali anapouona.

Msidhani alipona kama mtu aliyepakwa dawa. Jioni ya Jumamosi alisimama jikoni akamaliza nusu ya mkate, kavu, akiutazama ukuta. Alipogundua, alitaka kuulaumu mkate. Badala yake alichukua sahani, akaweka vipande viwili vilivyobaki, akavuta kiti, akakaa. Kimoja alikila. Cha pili akakirudisha, kwa kuwa sasa alikuwa amekaa na kukitazama, na hakukitaka.

Jumatatu wifi alirudi. Hakusema amesamehe. Alitundika mkasi wake, akavuta sare ya kwanza, akaanza tundu la kifungo. Bi Hakiki alizunguka zunguka, mwishowe akakata kipande cha uzi akakisogeza mbele yake.

"Njoo nikufundishe lile fundo," alisema. "Taratibu. Safari hii utaliweza."

Wifi aliutazama uzi, hakuugusa.

"Sitaki, wifi. Nikilijua, siku karanga zikiisha tena nitajitetea na nini?"

Bi Hakiki alirudi kwenye cherehani. Maneno yale yalimchoma kuliko tusi, na hakuwa na haki hata ya kununa. Alishona sare tatu. Kisha akainuka, akauendea mfuko ukutani, akalifungua fundo, akautupa ule uzi kwenye kapu la vipande. Mfuko ukabaki wazi, juu ya kichwa cha wifi.

"Naenda kununua uzi wa buluu," alisema.

Kwa miaka tisa hajawahi kutoka akamwacha mtu karakanani bila kuhesabu vifungo kwanza. Hatua kumi nje ya mlango miguu ilitaka kurudi. Akaikatalia. Dukani alisahau namba ya uzi, akanunua wa kubahatisha. Aliporudi, mfuko ulikuwa palepale, mdomo wazi, na shingo ya Bi Hakiki ikaanza kunyooka yenyewe ili ichungulie. Akatazama sakafu.

"Hukuangalia," wifi alisema.

"Nini?"

"Mfuko. Umepita hukuangalia."

"Kwani una nini?"

Wifi aliiweka sare pajani. Kisha akachomeka sindano kwenye mto, akainua mkono, akatoa karanga moja, akaitia mdomoni, akaitafuna. Akakunja uso.

"Wifi! Kumbe hazina hata chumvi?"

Bi Hakiki alibaki mlangoni na uzi mkononi. Miezi saba zilikuwa hazina chumvi, na mtu aliyewahi kuonja hata moja asingeuliza. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaomba radhi mara ya pili, na safari hii hakuwa amepanga neno hata moja.