Kasia Mlangoni

Nilifika ziwani kwa ajili ya swali. Nilikuwa nimeacha shule kwetu Mabawe kabla ya kumaliza la saba, nikauza ndizi mbivu kwa madereva wa malori Lusahunga, nikalima mahindi ya watu Nyantakara, na kote huko sikutulia. Siku moja dereva akaniambia kuna mitumbwi ya tanga inayosonga hata upepo ukitoka mbele. Nikambishia. Kesho yake nikashuka kwenda kuona.

Mzee aliyenionyesha kwamba dereva hakudanganya ndiye aliyenipa pa kulala. Yeye na mkewe, niliyemwita mama, walikuwa na nyumba ya vyumba viwili karibu na mwalo, pale mitumbwi inapofikia. Nilikaa nao muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote.

Mzee alinifundisha tanga, lakini alinisumbua zaidi kuhusu usingizi. Anayekwenda peke yake alfajiri, alisema, safari yake inaanza mchana wa jana. Ale ugali mapema, dagaa wa chumvi awaache. Amalize kila kitu kabla ya kujilaza: maji ya kunywa, kopo la kutolea maji, kamba. “Ukilala na kamba hujaifunga, akili itaamka kuifunga. Na usingizi ukikukuta katikati ya ziwa, nani atakupiga kiwiko?”

Kila mara msafiri alipokwisha kujilaza, mama alilaza kasia la mzee sakafuni, kwenye mlango wa chumba. Kila aliyeliona alijua ndani kuna mtu atakayevuka peke yake. Alishusha sauti, na hakumpelekea habari yoyote, nzuri wala mbaya. Mwenye jambo kichwani huliona wimbi limeshafika. Habari humngoja arudi.

Kisha mzee akaugua kifua. Akakonda mpaka shati likamning'inia, akawa anamtaja binti yake wa pekee, aliyeolewa kisiwani. Simu ya binti ilikuwa haipatikani. Boti ya injini ilikuwa imekwenda upande mwingine kwenye mnada. Nikasema nitamfuata mimi kwa tanga.

“Peke yako?” mzee akauliza.

“Peke yangu.”

“Basi nenda kalale.”

“Mzee, jua bado liko juu. Nitakaa na wewe kidogo.”

“Unikalie mimi ni yai? Nyie watu wa migombani mnalala jicho moja wazi, mnalinda mikungu. Huku hakuna ndizi. Funga yote mawili.”

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Mama akanisukuma begani kuelekea chumbani, akainama kulaza kasia.

Usingizi haukuja. Ukuta wa kati haukufika kwenye bati, kwa hiyo kikohozi cha mzee kilipita juu yake kana kwamba tumelala kitanda kimoja. Nilikuwa nikikisubiri. Kikija, nilijua yupo. Kikichelewa, nilishika pumzi. Nikawaza kama binti angekubali kuja siku hiyohiyo, kama upepo wa mchana ungeturudisha mapema. Giza lilipoanza kuingia, kikohozi kikapungua, kisha kikakoma. Nakumbuka nilijiambia, amepata nafuu. Hapo ndipo nilipolala, na sijawahi kulala vile tena.

Mama aliniamsha jogoo wakiwika. Alinipa uji. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, amekikaza kweli, nikadhani anawahi shambani. Jirani mmoja wa kike alikuwa ameketi karibu na jiko.

“Nimuage mzee?”

“Amelala,” mama akasema. “Mwache. Nenda kamlete mtoto.”

Upepo wa nchi kavu ulikuwa umeshaamka. Ulilijaza tanga taratibu, mtumbwi ukateleza, na mimi nikauimbia mlingoti kama mjinga. Macho yalikuwa mepesi. Kila wimbi nililiona kabla halijafika. Nilimkuta binti akianika dagaa. Alisikia nilichokuja nacho, akaacha kila kitu, ila sato mmoja mkubwa aliyemfunga kwenye majani.

“Nitamchemshia supu. Bado anatukana?”

“Jana ameniita mlinzi wa mikungu.”

Akacheka. “Basi hafi huyo.”

“Na usiku hakukohoa kabisa,” nikamwambia.

“Mungu ni mwema,” akasema, akampakata yule samaki, na njia nzima aliniuliza nikimbize mtumbwi zaidi. Upepo wa mchana ulitusukuma vizuri. Mzee angeusifu.

Tulipokaribia mwalo niliona watu wengi wameketi chini kwenye ua wetu, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na hakuna aliyelia. Mama aliteremka peke yake mpaka maji yakamfika magotini. Mkononi alikuwa na kasia la mzee.

“Mmefika wote wawili?”

“Tumefika, mama.”

“Ulilala?”

“Nililala.”

Akatikisa kichwa kukubali. Akaliweka kasia ndani ya mtumbwi, polepole, akamshika binti yake mkono. Kisha kilio alichokibana tangu jioni ya jana kikamtoka, na ua mzima nyuma yake ukapokea.

Binti alisimama majini na sato wake kifuani. Mimi nilibaki nimeshika kamba ya tanga. Mwili wangu wote haukuwa na uchovu hata kidogo.